Nani Alikuwa Mezani Kifaa Kilipochorwa?



Mada niliyopewa ni uhandisi tiba na namna utafiti unaounganisha fani mbalimbali unavyoweza kuboresha huduma za afya. Nikiichukua ilivyo, nitagusa kila kitu nisieleze chochote. Naomba ruhusa niibane. Nitazungumzia zaidi hewa ya oksijeni: inavyopimwa, inavyotengenezwa, na inavyomfikia mtoto njiti aliyezaliwa jana usiku. Nimeichagua oksijeni kwa sababu humo wamo watu wote: mwanafizikia, mkemia, fundi umeme, daktari, muuguzi, ofisa ugavi na mama wa mtoto. Na dai langu nalitoa mapema ili mpate muda wa kulipinga. Vifaa vingi vya tiba havishindwi kwa sababu sayansi yake ni mbovu. Hushindwa pale fani moja inapoikabidhi kazi yake kwa fani nyingine, na wenye fani hiyo ya pili hawakuulizwa neno wakati kifaa kinachorwa.

Tuanze na kidole. Muuguzi anapokibana kile kibanio kidogo tunachokiita oksimita kwenye kidole cha mgonjwa, upande mmoja kuna taa mbili ndogo na upande wa pili kuna kihisi cha mwanga. Taa moja ni nyekundu, urefu wa mawimbi yake ni nanomita 660 hivi. Nyingine ni ya infraredi, nanomita 940 hivi, na jicho haliioni. Zinawaka na kuzimika kwa kupokezana, haraka kuliko unavyoweza kufuatilia. Hemoglobini iliyobeba oksijeni huuachia mwanga mwekundu upite, lakini hufyonza zaidi ule wa infraredi. Isiyobeba hufanya kinyume chake. Kwa nadharia, basi, ukilinganisha kiasi cha mwanga kilichopita utajua damu imebeba oksijeni kiasi gani. Tatizo ni kwamba kati ya taa na kihisi hakuna damu peke yake. Kuna ngozi, kucha, nyama, mfupa, na damu ya vena inayorudi moyoni ikiwa imeshatumika.

Aliyelitatua tatizo hilo alikuwa mhandisi wa umeme wa kampuni ya Nihon Kohden ya Tokyo, Takuo Aoyagi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 hakuwa anatafuta oksijeni hata kidogo. Alikuwa anapima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo. Njia ya wakati huo ilikuwa kuingiza rangi maalumu kwenye mshipa, kisha kutazama kwa mwanga jinsi rangi hiyo inavyopita sikioni na kufifia. Mchoro ulitakiwa kuteremka taratibu, lakini ulikuwa unatetemeka, kwa kuwa kila pigo la moyo lilileta damu nyingine sikioni na kuvuruga kipimo. Akajaribu kuufuta mtetemo ule kwa kutumia aina mbili za mwanga badala ya moja. Ukafutika. Ila akaona kwamba oksijeni ya damu ikibadilika, hesabu yake haifuti tena. Mwingine angekunja karatasi na kulalamikia mashine. Aoyagi alitambua kwamba uchafu anaohangaika kuusafisha ndio wenye habari. Kinachodunda ni damu ya ateri peke yake. Mfupa haudundi, kucha haidundi. Chukua sehemu inayodunda tu katika kila aina ya mwanga, tafuta uwiano wake, na umeipata oksijeni ya ateri bila kumchoma mtu sindano. Wazo hilo aliliwasilisha mwaka 1974. Daktari wa upasuaji, Susumu Nakajima, ndiye aliyekijaribu kifaa kwa wagonjwa na kutoa taarifa yake mwaka 1975. Aoyagi alifariki Aprili 2020, katika miezi ileile ambayo dunia nzima ilikuwa inagombania alichokibuni.

Hadithi hii husimuliwa sana katika madarasa ya uhandisi tiba, na huishia hapo, kwa makofi. Mimi naona ndipo inapoanza kuwa tamu.

Uwiano ule wa mwanga hauwi asilimia wenyewe. Lazima mtu aseme uwiano fulani ni sawa na asilimia fulani, na hakuna fomula safi ya fizikia inayotosha kwa kidole cha binadamu. Kinachofanyika ni hiki: watu wazima wenye afya njema hujitolea, hulazwa maabara, huvutishwa hewa yenye oksijeni pungufu hatua kwa hatua mpaka damu yao iteremke hadi karibu asilimia 70. Katika kila hatua huchukuliwa damu ya ateri na kupimwa kwa mashine kubwa. Namba hizo hutengenezewa jedwali, na jedwali huingizwa ndani ya kifaa. Kwa hiyo namba 94 unayoiona kwenye kidole cha mgonjwa aliyelazwa Sumbawanga ni jibu la swali ambalo hukuuliza: wale waliolala katika maabara ya mbali, uwiano wao ulipokuwa kama huu, damu yao ilikuwa na asilimia ngapi?

Na walikuwa akina nani?

Mwongozo wa mamlaka ya dawa ya Marekani wa mwaka 2013 ulitaka jaribio la namna hii liwe na watu wasiopungua 10, na kati yao wenye ngozi nyeusi wawe angalau wawili au asilimia 15 ya kundi, idadi yoyote iliyo kubwa zaidi. Wawili! Kifaa kitakachofungwa kwenye vidole vya mamilioni ya watu kuanzia Kisumu hadi Kinshasa. Haikuwa siri kwamba kuna shida. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Marekani, Jubran na Tobin, walishaonya kwamba kwa wagonjwa weusi waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, kifaa hiki hukosea zaidi. Ikapita miaka 30. Desemba 2020 Michael Sjoding na wenzake wa Michigan wakachapisha ulinganisho ambao sasa kila mwanafunzi wangu lazima aujue. Walichukua vipimo ambavyo oksimita ilisema mgonjwa ana asilimia 92 hadi 96, yaani hana wasiwasi mkubwa, kisha wakaangalia damu ya ateri iliyochukuliwa karibu na wakati huohuo. Kwa wagonjwa weusi, katika asilimia 11.7 ya vipimo damu ilikuwa chini ya 88. Kwa wagonjwa wazungu ilikuwa asilimia 3.6.

Mwanafizikia atasema: lakini rangi ya ngozi haidundi, kwa hiyo inapaswa kufutika katika hesabu. Ubaoni inafutika kweli. Kwenye kifaa halisi taa hazitoi urefu mmoja tu wa mawimbi, na mwanga unaobaki baada ya kuvuka ngozi nyeusi ni mdogo, hivyo kelele za kielektroniki hupata nafasi. Aliyeikagua nadharia alikuwa sahihi, na mgonjwa akaendelea kukosa oksijeni. Hapa ndipo ninapoona faida ya kuwa na watu wa fani nyingine mezani. Mtakwimu angeuliza sampuli imetoka wapi. Mtu wa sosholojia angeuliza nani hujitolea katika majaribio ya maabara na kwa nini. Muuguzi wa Mtwara hangehitaji shahada yoyote kuuliza kama kimejaribiwa kwa watu wanaofanana na wagonjwa wake. Maswali hayo yangegharimu nusu saa ya kikao.

Wenzetu wa pwani wana nyongeza yao. Bibi harusi aliyepakwa piko vidoleni akilazwa ghafla, wauguzi wanajua kuwa rangi nyeusi nzito inaweza kuzuia mwanga, basi wanatafuta kidole kisichopakwa au ndewe ya sikio. Ujuzi huo hupitishwa kwa mdomo, kutoka zamu moja hadi nyingine. Mimi nauhesabu kuwa ni utafiti ambao haujapata mwandishi.

Sasa tuseme kifaa kimesema kweli: mtoto ana asilimia 84, anahitaji oksijeni. Itatoka wapi? Katika hospitali nyingi za wilaya hutoka kwenye mtungi uliosafirishwa kwa gari, au kwenye konsentreta, ile mashine ya magurudumu inayonguruma pembeni ya kitanda. Konsentreta ni kazi nzuri ya kemia. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78 na oksijeni 21. Kompresa huisukuma hewa hiyo kwa presha ndani ya chombo kilichojaa punje za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno. Naitrojeni hunaswa humo, oksijeni hupita. Presha ikishushwa, naitrojeni huachiwa itoke, na wakati huo chombo cha pili kinafanya zamu yake. Kinachomfikia mgonjwa ni oksijeni ya asilimia 90 na ushei. Hakuna mtungi, hakuna gari, hakuna kusubiri Jumatatu.

Ila zeolaiti hupenda maji kuliko inavyopenda naitrojeni. Mvuke ukiingia kwa wingi, punje hushiba maji na mashine huendelea kunguruma huku ikitoa hewa isiyotofautiana sana na ile ya dirishani. Mchoraji aliyeijaribu katika chumba chenye kiyoyozi hakukutana na Machi ya Tanga. Wala hakukutana na umeme unaoteremka jioni kila mtaa unapowasha majiko na feni, kisha ukarudi kwa kishindo.

Nyuma ya mashine nyingi za aina hii kuna kipande cha sponji nyeusi, ukubwa wa kiganja, ambacho unaweza kukichomoa kwa vidole viwili. Kazi yake ni kuzuia vumbi. Kikioshwa kwa maji na sabuni kila wiki, kikakaushwa vizuri na kurudishwa, kompresa inapata hewa ya kutosha. Katika hospitali moja nilichomoa sponji iliyogeuka rangi ya udongo, ngumu kama mkate wa juzi. Mashine ilikuwa inachemka na kengele yake ilikuwa imezimwa kwa sababu inawasumbua wagonjwa. Nikauliza kazi ya kuosha sponji ni ya nani. Muuguzi akasema ni ya fundi, maana ni sehemu ya mashine. Fundi akasema ni usafi, na usafi ni wa wodi. Mhudumu wa usafi akasema, kwa haki kabisa, kwamba amekatazwa kugusa mashine. Hapo hakuna fizikia iliyokosewa. Watatu wote walikuwa wanafuata taratibu zao, na sponji ilikuwa imekaa pale ambapo taratibu tatu zinaishia.

Ninapowaambia wanafunzi wa uhandisi kwamba jambo hilo ni la utafiti, wengine hunitazama kama ninayewapotezea muda. Wanataka akili mnemba. Sawa, tutafika huko. Lakini tazameni Uganda. Watafiti wa pale na wenzao wa Kanada waliunganisha paneli za sola, betri na konsentreta, wakaanzia Jinja, kisha wakapanua hadi vituo 20 vya afya, kila kituo kikianza kwa zamu yake ili matokeo yalinganishwe. Mwaka 2024 jarida la Lancet likachapisha matokeo: kwa watoto wadogo walioletwa wakiwa na upungufu wa oksijeni, vifo ndani ya saa 48 vilipungua karibu nusu. Hakuna dawa mpya katika jambo hilo. Paneli ipo madukani, konsentreta ipo tangu zamani. Jipya lilikuwa watu wa umeme, madaktari wa watoto na watakwimu kukaa pamoja wakakubaliana kwamba ugonjwa wanaoutibu ni pamoja na kukatika kwa umeme.

Kwa mtoto njiti, oksijeni pekee haitoshi. Mapafu yake bado hayana ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane kila anapotoa pumzi. Anahitaji presha ndogo isiyokatika, ya kuviweka vifuko wazi. Mwaka 1971 George Gregory na wenzake wa San Francisco walionyesha kwamba presha hiyo inaokoa maisha. Njia rahisi kuliko zote za kuipata ni chupa ya maji. Mrija unaotoa hewa kutoka kwa mtoto unazamishwa ndani ya chupa. Ukiuzamisha sentimita 6, presha ni sentimita 6 za maji. Mapovu yakitoka, muuguzi anajua presha ipo. Yakikoma, kuna mahali hewa inavuja. Anaona kwa macho akiwa upande wa pili wa wodi, usiku, akiwa na watoto 30 wa kuwaangalia.

Mashine za kibiashara za kufanya hivyo zilikuwa ghali mno kwa hospitali zetu. Mwaka 2010 hivi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice, jijini Houston, Texas, walipewa kazi ya kutengeneza ya bei nafuu. Ya kwanza waliifunga ndani ya kisanduku cha plastiki cha kuwekea viatu, na hewa ilitoka kwenye pampu za tangi la samaki. Nawapenda kwa hilo. Lakini lililoifanya kuwa kifaa cha tiba ni Blantyre. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, madaktari na wauguzi wa Malawi waliitumia, wakasema kinachowakera, ikarudi maabara, ikaja tena. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto wachanga waliopewa mashine hiyo walinusurika kwa asilimia 71, na waliopewa oksijeni ya puani pekee asilimia 44. Watoto hawakugawanywa kwa kura na idadi ilikuwa ndogo, kwa hiyo namba hizo zisomwe kwa tahadhari; hata hivyo pengo hilo si la kupuuzwa.

Mashine hiyo iliposambazwa katika hospitali nyingine za Malawi, kikajitokeza kitu ambacho mhandisi wa presha hakuwa amekiwazia. Watoto waliokuwa baridi hawakunufaika sana nayo. Unaweza kumpa mtoto presha sahihi kabisa, na kama mwili wake umepoa, unapoteza. Ndiyo maana mradi wa NEST360 uliokuja baadaye, unaofanya kazi Malawi, Kenya, Tanzania na Nigeria, ukaacha kufikiria mashine moja moja. Ukafikiria chumba kizima: joto, oksijeni, sukari ya damu, manjano, maambukizi, na fundi wa kuvitunza vyote.

Na kwenye habari ya joto naomba niwakwaze kidogo wahandisi wenzangu. Mwaka 1978 huko Bogotá, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatunzia. Akawaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Kwa miaka mingi huduma hiyo, tunayoiita ya kangaruu, ilitolewa baada ya mtoto kuwa imara. Shirika la Afya Duniani likasimamia jaribio la kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto 3,211 wenye uzito kati ya kilo 1 na 1.8. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu matokeo yalikuwa wazi kiasi kwamba kuendelea kungekuwa kuwanyima wengine haki. Kwa waliobebwa mapema, vifo vilikuwa asilimia 12. Kwa wengine 15.7. Mwaka 2022 mapendekezo ya dunia yakabadilishwa.

Mtu anaweza kusema: basi mhandisi aende nyumbani, mama ametosha. Hapana. Ili mama abebe mtoto mgonjwa saa nyingi kwa siku, lazima alale humohumo katika chumba cha watoto mahututi. Vyumba vyetu vilijengwa kwa dhana kwamba mama ni mgeni wa saa ya kunyonyesha. Nafasi ya kitanda chake haipo. Mrija wa oksijeni haufiki kifuani mwake kwa sababu ulipimwa kufika kwenye kisanduku cha joto cha mtoto. Waya wa oksimita unakatika kwa kuwa mama, tofauti na kisanduku, anageuka. Kofia inayoshikilia mirija ya puani inateleza mtoto akilazwa kwa kifua. Kila moja ya kero hizo ni kazi halali ya mhandisi, mchoraji majengo na mshonaji, na hakuna hata moja ambayo ungeigundua ukiwa umekaa Houston au, semeni nami ukweli, ukiwa umekaa katika ofisi yangu hapa chuoni.

Twende Haydom, mkoani Manyara. Hospitali ile ya kijijini imefanya utafiti wa kuzaliwa watoto ambao vyuo vikubwa vinauheshimu. Wakunga walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua, kwa kutumia mwanasesere na mfuko wa kupulizia hewa. Kwenye mwanasesere walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo. Kwenye chumba cha kujifungulia, mambo yakabaki yaleyale. Watafiti wangeweza kuandika kwamba wakunga hawakuelewa, na ninaogopa wengi wangefanya hivyo. Wao walibadilisha mafunzo: mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mwanasesere alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni ratiba, na ratiba ilitokana na watu wanaojua jinsi mikono inavyosahau.

Katika mtandao wa utafiti ambao Haydom ni sehemu yake kilizaliwa kifaa kiitwacho Moyo, kinachosikiliza moyo wa mtoto tumboni. Kina jambo moja la werevu sana: mama akikigusa kwa vidole, kinapima pia moyo wake, ili mkunga asije akahesabu mapigo ya mama akidhani ni ya mtoto. Majaribio ya Dar es Salaam yalionyesha kwamba kinagundua mapigo yasiyo ya kawaida mara nyingi zaidi kuliko fetoskopu ya kusikilizia kwa sikio. Lakini hali za watoto waliozaliwa hazikutofautiana kiasi cha kushangilia. Kwa nini? Kugundua kwamba mtoto amechoka saa nane usiku kuna maana iwapo chumba cha upasuaji kiko tayari, damu ipo, na mtu wa nusukaputi anapatikana. Kifaa kilifanya kazi yake yote na kikaikabidhi kwenye foleni.

Sasa nizungumze na mafundi, maana nimewaona mko nyuma kama kawaida yenu. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walikusanya orodha za vifaa 112,040 vya hospitali katika nchi 16 maskini. Asilimia 38.3 vilikuwa havifanyi kazi. Takwimu hiyo hunukuliwa kila mahali, na kila mara kwa sauti ya kusikitika. Inayonukuliwa kwa nadra ni kazi ya Malkin na Keane ya mwaka 2010. Walichambua maombi 2,849 ya matengenezo na kukuta kwamba asilimia 66 ya vifaa vingeweza kurudi kazini kwa ujuzi wa msingi na vitu vinavyopatikana hapohapo, bila kuagiza kipuri nje: fyuzi, plagi, betri, mrija uliopasuka, mashine ya volti 110 iliyochomekwa kwenye 230, na mtumiaji ambaye hakuonyeshwa swichi. Theluthi mbili! Wenye ujuzi huo wanafundishwa Arusha Technical College, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya (KMTC), na wengi wao wakiajiriwa wanapewa kazi ya kubadilisha balbu za hospitali.

Mwaka 2020 vyuo vingi, Kenya, Tanzania na kwingineko, vilijitosa kutengeneza mashine za kupumulia. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walionyesha yao, Tiba-Vent, na walistahili pongezi. Ninachojiuliza ni kwa nini sote tuliona fahari kuibuni upya mashine ngumu kuliko zote, wakati wodi zetu nyingi hazikuwa na oksijeni ya kuingiza ndani yake. Nadhani ni kwa sababu mashine ya kupumulia inapigika picha.

Nafahamu vilevile ubaya wa neno "fani mbalimbali" linavyotumika katika maombi ya fedha. Andiko linakuwa na profesa wa uhandisi, profesa wa tiba, mtu wa sayansi ya jamii aliyeongezwa wiki ya mwisho, na hospitali moja ya wilaya iliyotajwa kama "eneo la utafiti". Muuguzi wa eneo hilo anajaza fomu 400 na jina lake linatokea kwenye shukrani, kama linatokea. Hatuwezi kutegemea atuambie kinachomkera wakati tumemweka mwisho wa karatasi. Napendekeza chuo chetu kikatae kupitisha andiko lolote la kifaa tiba ambalo halina muuguzi na fundi wa hospitali kama watafiti kamili, wenye posho na jina, tangu mchoro wa kwanza. Wanafunzi wa uhandisi wafanye zamu za usiku wodini kabla ya kuruhusiwa kuchagua mada. Zamu za mchana hazitoshi. Mchana kuna wageni, taa zote zinawaka, na kila mtu yuko kwenye tabia njema. Na oksimita yoyote inayoingia nchini ijaribiwe kwa watu wetu, katika maabara yetu, chini ya usimamizi wa mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Hiyo ni kazi ambayo hakuna atakayetufanyia kwa bidii inayotakiwa.

Kuhusu akili mnemba niliyowaahidi: kompyuta inayofundishwa kwa namba za oksimita itarithi kila kosa lililomo katika oksimita, na italitoa kwa uhakika mkubwa zaidi. Tusafishe kwanza namba.

Kwa waganga wafawidhi mlio hapa ukumbini nina ombi. Kila hospitali ina kile chumba cha vifaa vibovu, kile ambacho mkaguzi akija hupitishwa mbali nacho. Turuhusuni tukifungue: wanafunzi wawili, muuguzi mmoja, fundi wenu mmoja. Tuandike kila kifaa kiliingia lini, kilitoka wapi, kilikufa kwa sababu gani na nani alikuwa wa mwisho kukigusa. Hatutatafuta wa kulaumiwa. Orodha tutawapelekea wanaoandaa zabuni za mwaka ujao wa fedha, na vitakavyofufuka tutavirudisha wodini. Tunaweza kuanza Jumatatu.

Maswali, Mwenyekiti, naomba yaanze na wauguzi.